Mwaka wa kemia unapangwa kwa kuhesabu viti



Mwezi wa tisa uko mlangoni. Juma hili kila nyumba ya Bukavu inahesabu: mashati meupe, madaftari, viatu, makuta ya kwanza ya shule. Sisi walimu pia tunahesabu, lakini hesabu yetu haionekani barabarani. Inaandikwa ndani ya daftari kubwa linaloitwa previzio, lile ambalo prefe analitia sahihi na inspekta analiomba kabla hajakaa. Humo kila somo la mwaka mzima limepewa juma lake. Wazazi wengi hawajaliona hata siku moja. Katika mkutano wa mwezi uliopita mama kadhaa walituuliza mbona wasichana wanaingia sekisioni ya sayansi kwa furaha, kisha mwaka unaofuata wanahamia kwingine, na wote wanatoa sababu moja: "Shimi imenishinda." Tuliahidi kujibu kwa maandishi, na sehemu kubwa ya jibu iko ndani ya daftari hilo.

Sisi ni walimu watatu wa kike wa chama hiki, tuliosomea ISP, na kila mmoja anafundisha kemia katika shule yake. Watoto wanasema shimi, wengine wanasema kemia. Ni kitu kimoja. Jumamosi mbili zilizopita tuliketi pamoja, tukafungua previzio zetu tatu mezani na kuzipanga upya kwa darasa moja tu, lile la kuanza sekisioni ya sayansi, kwa sababu hapo ndipo watoto wanapotutoroka.

Tuanze na majuma. Toka mwanzo wa mwezi wa tisa mpaka mwanzo wa mwezi wa saba kuna majuma kama 43. Likizo za Noeli na za Pasaka, pamoja na mapumziko madogo, zinakula kama 5. Mitihani miwili ya semesta, na masahihisho na deliberasio, inakula kama 4. Yanabaki 34. Tuseme darasa limepewa saa 3 za kemia kwa juma, na saa moja ya shule ni dakika 50. Hizo ni saa 102. Kwenye karatasi zinatosha.

Sasa toeni saa ambazo haziandikwi popote. Mwezi wa kwanza peke yake una sikukuu nne: tarehe 1, tarehe 4 ya Mashahidi wa Uhuru, tarehe 16 ya Mzee Laurent-Désiré Kabila na tarehe 17 ya Patrice Lumumba. Kuna tarehe 30 ya mwezi wa nne, siku ya elimu, ambayo ni yetu wenyewe. Kuna tarehe 8 ya mwezi wa tatu, na mnajua hakuna mwalimu mwanamke atakayekubali kikwembe chake kibaki kabatini siku hiyo. Kuna mgomo wa walimu, hatutauficha. Kuna siku ambapo mji umefungwa, maduka kimya, na siku ambapo usalama haumruhusu mtu kutoka. Kuna mvua ya asubuhi, ile inayogeuza njia za Kadutu na Bagira kuwa mito ya matope, na darasa linaanza na nusu ya watoto.

Kwa hiyo tumekubaliana hivi: ndani ya daftari tunaandika majuma 34, sababu ndivyo tunavyoombwa, lakini mambo ya lazima tunayaweka ndani ya majuma 26. Saa 78. Yale majuma 8 yanayobaki ni akiba, kama makuta tunayoweka pembeni katika kasa ya chama kwa ajili ya msiba. Tukiyapata, tunaongeza mazoezi. Tusipoyapata, mwaka haujafa.

Lakini kuhesabu majuma ni kazi nyepesi. Ugumu uko katika kujua sura gani iingie juma gani, na hapo kemia ina tabia yake. Mtoto anaweza kukosa juma la Mkutano wa Berlin na bado akaelewa vizuri uhuru wa 1960. Asiyesoma mito bado anaweza kusoma milima. Kemia ni ngazi. Ukitoa kipandio kimoja, vile vya juu havifikiki.

Tuwaonyeshe ngazi yenyewe, kwa sababu mama akiijua anaweza kumuuliza mtoto wake swali la maana jioni. Kipandio cha kwanza ni valensi. Tunawaambia watoto kwamba kila atomu ina mikono: hidrojeni mkono mmoja, oksijeni miwili, aluminiamu mitatu. Oksijeni moja inashika hidrojeni mbili, ndipo maji yanaandikwa H₂O. Aluminiamu mbili zina mikono sita, oksijeni tatu zina mikono sita, ndipo tunaandika Al₂O₃. Aliyekuwepo siku hiyo anaona mchezo. Asiyekuwepo anaona tarakimu ndogo zilizoanguka toka mbinguni, na anaanza kuzikariri.

Majuma kadhaa baadaye tunafika kwenye kusawazisha mlinganyo: 2H₂ + O₂ → 2H₂O. Yule wa kukariri anaigusa ile 2 ndogo ya chini badala ya kuweka namba mbele. Hakuna aliyemwonyesha kwamba ile ndogo haiguswi, kwamba ukiongeza 2 chini ya oksijeni ya maji umepata H₂O₂, na hayo si maji ya kunywa tena, ni maji ya oksijeni ambayo muuguzi anasafishia kidonda. Anapata sufuri. Hajui kosa liko wapi, na jirani yake hana muda wa kumweleza.

Kisha inakuja moli, na hapo ndipo wengi wanafunga daftari. Moli haina ajabu. Dazani ya mayai na dazani ya machungwa ni hesabu moja, 12, lakini ziweke kwenye mizani, uzito si mmoja. Moli ni dazani ya watu wa kemia, ila namba yake imepita akili: 6,02 × 10²³. Moli moja ya maji ni gramu 18, kijiko kikubwa na kidogo juu yake. Moli moja ya chumvi ya kupikia ni gramu 58,5. Mtoto akishaelewa kwamba anahesabu vitu visivyoonekana kwa kupima uzito wao, njia imefunguka. Anaweza kuulizwa swali la hapa kwetu: kasiterite safi ni SnO₂, je, ndani yake kuna bati kiasi gani? Bati ni 118,7, oksijeni mbili ni 32, jumla 150,7. Kilo moja ya kasiterite safi ina gramu 788 hivi za bati. Humu chamani kuna mama ambao waume na kaka zao wako machimboni na wanalipwa kwa asilimia inayotajwa na mnunuzi. Msichana wa miaka 15 aliyefika kipandio hiki anaweza kuketi na baba yake na kumwonyesha kwa kalamu kwamba hata jiwe safi kabisa halipiti 79 kwa mia, na kwamba asilimia inayotajwa ni ya bati, si ya uzito wote wa jiwe. Tumeona baba wakinyamaza kwa heshima mbele ya daftari la binti.

Sasa tufike kwa makuta.

Shule ya msingi ya Serikali imetangazwa kuwa ya bure toka 2019. Kwa sekondari wazazi bado wanalipa, na kasa ya shule ina majuma yake ya kurudisha watoto nyumbani. Hatumsemi mkubwa wa shule yoyote. Nao wana watu wa kulipa, na sisi ni kati ya hao watu, tusijifanye. Lakini majuma hayo tunayajua kama tunavyojua mvua: yanakuja karibu na mwisho wa kila periodi na kabla ya kila mtihani wa semesta. Mtoto anarudishwa Jumatatu, tunamwona tena Alhamisi ya juma la pili. Amekosa saa nne au tano za kemia. Kama zilikuwa saa za kueleza fosforasi inatumika wapi, haidhuru, atanakili kwa rafiki. Kama zilikuwa saa za moli, kila somo linalofuata atalisikia kama lugha ya kigeni, na buletini italisema jambo hilo miezi kadhaa baadaye, wakati hakuna anayekumbuka lile juma.

Tena tuulizane kwa ukweli: makuta yakiwa ya mtoto mmoja, nani analipiwa kwanza? Si nyumba zote, lakini ni nyingi, msichana anangoja zamu. Na akingoja hakai na daftari la mwenzake. Yuko Kadutu sokoni na mama, au amebeba mdogo wake mgongoni, au amekwenda kuchota maji. Ndiyo maana sisi tukisikia "shimi imenishinda" tunafungua daftari la mahudhurio kabla ya daftari la poenti. Mara nyingi tunakuta pengo, na pengo liko palepale: wakati wa valensi, au wakati wa moli.

Majuma ya kasa hatuna uwezo wa kuyahamisha. Sura za kitabu tunaweza kuzihamisha, na ndiyo kazi tuliyofanya zile Jumamosi mbili. Tulichukua karatasi, tukaandika majuma ambayo kwa kawaida viti vinajaa na majuma ambayo viti vinabaki tupu, kisha tukaweka vipandio vya ngazi pale penye watu.

Kitabu kinaanza na atomu. Sisi hatutaanza nayo. Majuma mawili ya kwanza ya mwezi wa tisa darasa halijai, shati halijashonwa, wengine bado wako kijijini kwa bibi. Hapo tunaweka usalama wa labo, vipimo, na michanganyiko: kuchuja, kuchemsha, kutenganisha chumvi na mchanga. Aliyechelewa atanakili na hatapoteza kitu. Toka juma la tatu mpaka la sita ni atomu kwa kifupi, kisha valensi na kuandika fomula, kwa nguvu zote, saa tatu kila juma bila kuruka, kabla kasa haijaanza kuita majina. Periodi ya kwanza ikielekea mwisho na viti vikianza kupungua, tunapumzisha ngazi; ni wakati wa majina ya oksidi, asidi, besi na chumvi, mambo ya kukariri ambayo mtoto anaweza kuyasoma hata akiwa nyumbani. Milinganyo inaanza katikati ya mwezi wa kumi na moja.

Moli ilitugombanisha. Mmoja wetu aliitaka mwezi wa kwanza, ili watoto waingie nayo katika mtihani wa semesta. Wawili walikataa. Mwezi wa kwanza una zile sikukuu nne, na juma la kurudi toka Noeli halina watu. Tumeiweka baada ya mtihani, majuma matatu ya kwanza ya semesta ya pili, wakati walio darasani wamekwisha kulipa ya nyuma na madai ya mbele hayajaanza. Hasara yake tunaijua: fomula zitakuwa zimesahaulika. Kwa hiyo mwezi wa kwanza wote, kila saa ya kemia itafunguliwa kwa dakika kumi za fomula ubaoni, mtoto mmojammoja, bila poenti, bila kicheko.

Baada ya moli ni mahesabu ya mlinganyo, mpaka Pasaka. Baada ya Pasaka ni gesi na asidi.

Kuna kitu lazima kikatwe, na hapa wenzetu wengine hawatakubaliana nasi. Programu ya taifa ni ndefu, na inspekta anataka kuona imemalizika. Sisi tunaona ni afadhali mtoto aimiliki moli kuliko kunakili kurasa tano za namna viwanda vya Ulaya vinavyotengeneza asidi ya salfa. Sura hizo tutaziandika kwa ukurasa mmoja mmoja, watanakili, zitahesabiwa kuwa zimefundishwa. Mwenye kusema huu ni ujanja, na aseme. Kwa wafinalisti hatungethubutu, kwa sababu Mtihani wa Serikali unaweza kuwauliza chochote, na wao wanahitaji kuona programu yote. Lakini mtoto wa mwaka wa kwanza ana miaka mitatu mbele yake, na miaka hiyo yote itakaa juu ya ngazi hii.

Sasa, majuma ya viti vitupu si ya kulala. Hapo tumepanga kazi tunazoziita kazi za jikoni, na tumezichagua hivi kwamba hata mtoto aliyerudishwa anaweza kuzifanya palepale nyumbani, na akirudi shuleni ana kitu mkononi. Shule zetu hazina labo ya kujivunia. Mirija michache, kipimajoto kimoja, mizani inayotibuka. Jikoni kuna zaidi.

Ya kwanza ni ua jekundu la hibisku, lile la kwenye uzio. Mtoto anachemsha petali kidogo, anapata maji ya zambarau. Akitia limau yanakuwa mekundu. Akitia maji ya majivu yanageuka kijani. Huyu amekwisha kutofautisha asidi na besi bila karatasi ya kununua. Na mama atamweleza vizuri kuliko sisi kwa nini maharagwe yanalainika upesi yakitiwa maji ya majivu kidogo. Kazi ya pili ni kupima muda wa kuchemsha hayo maharagwe, na sisi darasani tunachovya kile kipimajoto kimoja ndani ya maji yanayochemka. Kitabu kinasema 100. Hapa Bukavu, mita 1.500 na zaidi juu ya bahari, kinasimama karibu na 95. Watoto wanadhani kipimajoto kimeharibika. Hakikuharibika, hewa yetu inakandamiza kidogo kuliko ya pwani, maji yanachemka mapema, na maharagwe yanakula makala mengi zaidi. Hiyo mama mmeijua siku zote mkilipa gunia.

Ya tatu ni sabuni, na hii inawahusu wale wa kikundi chetu cha sabuni moja kwa moja. Tunaomba kila mtoto wa sayansi aruhusiwe kukaa pembeni siku moja mnapotengeneza, akiwa na daftari, bila kugusa soda. Ataona mambo matatu ambayo hatuwezi kumwonyesha shuleni. Kwamba soda kostiki ndiyo inamwagwa ndani ya maji, polepole, wala si maji juu ya soda, kwa sababu joto lake linaweza kurusha mchanganyiko usoni. Kwamba sufuria ya aluminiamu haifai, soda inaila na kutoa hidrojeni, gesi inayoshika moto. Ndiyo maana mnatumia beseni la plastiki lenye nguvu. Na kwamba kilo moja ya mawese inahitaji karibu gramu 141 za soda safi, na mwenye busara anapunguza kidogo ili soda isibaki ndani ya sabuni na kuchoma mikono. Baada ya moli, mtoto huyo ataweza kueleza ile 141 imetoka wapi. Kikundi kinaweza kumtumia: soda ya sokoni mara nyingi si safi au imevuta unyevu, na kukisia kunaharibu beseni zima.

Gesi tumeziweka baada ya Pasaka kwa sababu ziwa letu ni somo peke yake. Chini ya Ziwa Kivu kuna gesi ya kaboni nyingi mno iliyoyeyuka, pamoja na metani, ile ambayo ng'ambo ya Rwanda, kule Karongi, wanaichoma kupata umeme. Gesi hiyo inabaki chini kwa sababu ya uzito wa maji yaliyo juu yake, kama inavyobaki ndani ya chupa ya soda mpaka kifuniko kifunguliwe. Na wenye ndugu Goma na Sake wanaijua mazuku, hewa mbaya inayolala kwenye mashimo na kuua mbuzi na watoto kabla ya watu wazima. Hesabu ya moli inaeleza: moli ya gesi ya kaboni ni gramu 44, moli ya hewa ni kama 29, basi nzito inatulia chini, na aliye mfupi ndiye anaivuta kwanza. Pamoja na hiyo tutafundisha moshi usioonekana wa mbabula ndani ya chumba kilichofungwa, ambao ni gesi nyingine, CO, wala hainuki. Na Javel: kamwe isichanganywe na siki, limau au dawa yoyote ya asidi ya kusafishia choo, inatoa klori inayochoma mapafu. Hayo hatutangoja Pasaka; tunayasema hapa leo.

Neno dogo kuhusu ratiba. Tumewaomba wakubwa wetu wa shule wasiweke kemia saa ya kwanza ya Jumatatu, inaliwa na bendera na wachelewaji, wala saa ya sita ya Jumamosi, wakati wasichana wamekwisha kuombwa na nyumba zao waende sokoni. Na darasani tumepanga zamu, imeandikwa kwa majina: nani anashika mrija, nani anaandika. Bila zamu mvulana anashika na msichana anaandika mpaka mwezi wa saba, kwa sababu mwandiko wake ni mzuri. Tumechoka na sifa hiyo ya mwandiko.

Ombi letu kwa chama ni la likelemba. Ngazi ya mwaka huu ina nyakati nne ambazo mtoto hapaswi kukosa kiti: juma la tatu mpaka la sita la masomo, majuma mawili katikati ya mwezi wa kumi na moja, majuma matatu baada ya mtihani wa semesta ya kwanza, na mwezi wa tatu, ukiondoa siku yetu ya tarehe 8. Zamu za likelemba za mwaka mpya zitapangwa mkutano ujao. Tunapendekeza mama mwenye binti katika sayansi apokee kabla ya mojawapo ya nyakati hizo, na asiye na mtoto shuleni akubali kusogea nyuma mwezi mmoja. Tunajua ni jambo la kubishaniwa, kwa sababu kila mtu ana sababu ya kutaka zamu ya mapema, kodi ya nyumba haingoji, na mtoto wa sayansi si bora kuliko wa pedagojia au wa ushonaji. Wa ushonaji na wa pedagojia nao, walimu wao walete nyakati zao, tuziweke karatasi moja.

Kwa mtoto ambaye hata hivyo atarudishwa, tutakaa katika chumba cha chama kila Jumamosi toka saa nane mchana mpaka saa kumi, katika nyakati hizo nne tu. Nyingine hatuwezi, nasi tuna nyumba. Bila malipo, awe wa shule yoyote, awe wa kike au wa kiume. Aje na daftari la rafiki aliyekuwepo darasani, na kalamu. Kwa Jumamosi ya kwanza alete pia ua la hibisku, konzi mbili za majivu yaliyochekechwa na chupa tupu ya maji. Na tafadhali, mama, iwe chupa ambayo haijawahi kutiwa Javel.